Bafu la uani kwenye nyumba ya kupanga: kipi kinafaa, kipi uachane nacho

Ukipanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani, iwe Magomeni, Ilala, Temeke au Ngamiani kule Tanga, ramani unaijua kabla hujaoneshwa. Korido katikati, vyumba vinatazamana huku na huku, mlango wa nyuma unatokea uani, na huko uani ndiko liliko jiko, stoo, choo na bafu. Waliozijenga nyumba hizi walitaka moshi na maji machafu vikae mbali na mahali pa kulala, na hawakukosea. Ila alfajiri ya masika, mvua inamwagika, unavuka ua na ndoo mkononi kwenda kwenye kijumba cha tofali kisicho na taa, hapo ndipo unapotamani bafu lingekuwa kwingine.

Kulihamisha huwezi, na kulibomoa si haki yako. Unachoweza ni kulifanya liwe mahali ambapo mtu anaingia bila kukunja uso. Madukani vitu vya bafu vimejaa, lakini vingi ni vya bafu la ndani, la familia moja, lenye maji ya presha. Mimi nalinganisha kwa ajili ya bafu la uani linalotumiwa na vyumba vitano au sita, na kwa macho ya mpangaji ambaye kodi yake inaisha baada ya miezi sita na bado hajui kama ataongeza.

Kipimo changu ni kimoja: je, kitu hiki kinalisaidia bafu likauke kabla mtu mwingine hajaingia? Utelezi, ukungu, harufu, mende, kukanyaga povu la mwenzako, vyote vinatokana na unyevu usio na pa kwenda. Kuna mabafu ya tofali tupu ambayo watu wanaoga kwa raha kwa sababu yanakauka, na kuna ya vigae vya maua ambayo kila mtu anayakwepa mpaka ashindwe.

Sakafu: kiraka, vigae, mkeka au kichanja

Pesa yako ya kwanza iende hapa, hata kama ni kidogo. Anza na jaribio la bure: mwaga kopo la maji kwenye kona iliyo mbali na tundu la kutolea maji, kisha simama uangalie. Yakienda yenyewe mpaka tundoni, una bahati. Yakituama katikati au yakirudi kizingitini, hakuna mkeka wala kigae kitakachokusaidia mpaka mteremko urekebishwe. Mteremko mzuri ni kama sentimita 2 kwa kila mita, kwa hiyo bafu la mita moja na nusu linahitaji sentimita 3 tu kutoka ukutani hadi tundoni.

Kwangu mimi kiraka cha saruji kinashinda vyote. Maduka mengi ya vifaa vya ujenzi mitaani hupima saruji kwa kilo, kwa hiyo huhitaji mfuko mzima wa kilo 50. Sugua ukijani wote kwa brashi ya waya, gongagonga sakafu ya zamani kwa patasi ili saruji mpya ipate pa kushikia, ilowanishe, kisha tandaza mchanganyiko wa saruji kipimo kimoja na mchanga vipimo vitatu. Fundi atataka kumalizia kwa niru, yaani saruji tupu inayosuguliwa mpaka iwe laini, kwa sababu inang'aa na inapendeza. Mkatalie kwa upole. Niru ni nzuri sebuleni; ikikutana na maji ya sabuni inateleza vibaya. Mwambie apitishe ufagio wa chelewa juu ya saruji ikiwa bado mbichi, mistari yote ielekee tundoni. Mistari hiyo inashika unyayo, na maji nayo yanaifuata mpaka yatoke.

Tatizo la kiraka ni kwamba bafu linafungwa. Saruji isikanyagwe kwa siku moja au mbili, na siku chache za mwanzo imwagiwe maji kidogo isije ikapasuka. Kwenye nyumba yenye watu wengi hilo si jambo dogo. Ongea na majirani mapema, na muulize jirani wa nyumba ya pili kama mnaweza kuoga kwake kwa siku hizo. Watu wa mtaani huwa hawakatai wakiombwa kabla.

Vigae vinavutia, na mwenye nyumba atakushangilia kwa sababu utamwachia. Lakini sakafu kuukuu inayofyonza unyevu kutoka chini haivishiki vizuri. Baada ya muda unasikia kigae kikilia ko! ukikikanyaga, ujue maji yameshaingia chini yake na hayatoki. Kama mwenye nyumba ndiye anayelipa, mwombe vya kukwaruza, si vya kung'aa. Kama ni pesa yako, acha.

Mkeka wa raba wenye matundu ni wako, unaukunja na kuhama nao. Kwa mpangaji hilo lina thamani kubwa. Kasoro yake ni kwamba ukiuacha chini mchana kutwa, utelezi unahamia upande wa chini na hakuna anayeuona. Utumie kama kandambili zako: unaingia nao, ukimaliza unautikisa na kuusimamisha ukutani. Kichanja cha mbao, kile cha fito zilizopigwa misumari, kinainua miguu juu ya maji vizuri kabisa, ila mbao hunyonya sabuni, na kichanja cha wote hakina wa kukisugua. Nakipendekeza kwa nyumba ya familia moja tu.

Harufu: udi, wavu au bomba lililopinda

Udi nauheshimu, na ubani pia, lakini havina kazi bafuni kabla ya harufu yenyewe kutafutiwa chanzo chake. Dawa za kupuliza za dukani ni hivyohivyo: dakika kumi za maua, kisha mnarudi mlipokuwa.

Harufu ya bafu la uani huingia kwa njia mbili. Ya kwanza ni tundu la maji. Mabafu mengi ya zamani yana bomba lililonyooka moja kwa moja hadi shimoni, kwa hiyo hewa ya shimo na mende wake wanapanda bila kizuizi. Wavu wa chuma juu ya tundu utazuia nywele na vipande vya sabuni, na mende wakubwa ukiwa na matundu madogo, ila hewa itapita. Bomba lililopinda, lile linalobakiza maji kwenye kona yake, linazuia vyote viwili, kwa sababu maji yaliyobaki ndiyo kifuniko. Fundi bomba analiweka bila shida wakati wa kutengeneza sakafu, ndiyo maana nasema kazi hizi mbili zifanywe siku moja. Weka vyote: bomba chini, wavu juu.

Njia ya pili ni choo kinachopakana na bafu ukutani. Hapo suluhisho si la bafuni. Choo cha shimo kinahitaji bomba la kutolea hewa linalopanda juu ya paa angalau nusu mita, lenye wavu mdomoni. Mtindo huo uliendelezwa Zimbabwe katika miaka ya 1970: upepo unaopita juu ya bomba unavuta hewa chafu kutoka shimoni, na nzi wanaofuata mwanga wa juu wananaswa kwenye wavu. Kwenye nyumba nyingi bomba lipo ila wavu umeoza zamani, na kuurudisha ni kazi ya mtu mmoja na ngazi. Huo ni mzigo wa mwenye nyumba, lakini mkumbushe.

Hewa ya bafu lenyewe haihitaji feni. Inahitaji nafasi ya vidole viwili chini ya mlango na tundu chini ya paa, upande wa pili. Hewa ikiingia chini na kutoka juu, bafu linajikausha. Wapangaji wengi huziba tundu la juu kwa gunia ili wasichunguliwe. Badala ya gunia, weka wavu wa mbu na kipande cha bati kilichoinama nje kama kofia: jirani haoni ndani, na hewa inapita.

Kuta: chokaa, rangi ya mafuta au stika

Hapa siwezi kusita: chokaa. Kuta za nyumba kongwe za pwani zina chumvi na unyevu unaopanda kutoka chini. Ukizipaka rangi ya mafuta, unyevu unakwama nyuma ya rangi, unaivimbisha, na kabla masika mengine hayajafika rangi inabanduka kwa magamba. Chokaa inapumua. Itafifia, kweli, na ukiiegemea mbichi utatoka na mgongo mweupe, lakini kupaka upya ni kazi ya asubuhi moja, nayo inazuia ukungu kwa muda kwa ukali wake. Vaa glavu na linda macho unapoikoroga.

Rangi ya mafuta ina nafasi moja tu, mkanda wa chini unaorushiwa maji, tena pale ambapo ukuta umeshapigwa lipu nzuri na ni mkavu. Stika za plastiki zenye picha za vigae zinapendeza siku ya kwanza. Gundi yake haishiki kwenye chokaa wala tofali tupu, na nyuma yake ndipo ukungu unapojificha. Ziache kwa wenye kuta laini.

Mwanga: balbu, sola au bati angavu

Bati la plastiki linalopitisha mwanga, likiwekwa mahali pa bati moja la kawaida, linabadilisha bafu la mchana kuliko kitu kingine chochote kwa pesa hiyo. Kona zinaonekana, kwa hiyo zinasuguliwa. Linahitaji ruhusa, na linabaki ukihama, lakini ni jambo ambalo wenye nyumba wengi hulikubali kwa sababu paa lao linapata bati jipya.

Usiku ni balbu au sola. Balbu ya LED ya wati 5 ikiwaka saa tano kila usiku inakula chini ya uniti moja kwa mwezi, kwa hiyo ugomvi wa nani alipie luku ya bafu hauna msingi wowote. Ugumu uko kwenye waya. Nyumba hizi nyingi zimevutiwa umeme uani kwa waya wa kuungaunga, umepita juu ya kamba ya kuanikia nguo. Kama huwezi kumlipa fundi avute waya mzima ndani ya bomba na kuweka swichi nje ya bafu, chukua taa ya sola yenye sensa inayowaka mtu akikaribia. Iweke juu ya mlango, nje, ili imulike na njia ya kutoka koridoni. Tafuta yenye alama ya IP65, yaani inahimili mvua. Umeme ukikatika haikuathiri, na ukihama unafungua skrubu mbili unaondoka nayo. Kwa mpangaji wa muda, sola inashinda.

Maji ya moto

Dar watu hucheka ukilitaja hili, mpaka upepo wa kusi wa mwezi wa saba, au mpaka kuwe na mtoto mchanga au mzee nyumbani. Iringa, Njombe, Mbeya na Arusha hakuna anayecheka.

Kuna hesabu moja ambayo inafaa kuijua. Kwa maji ya Dar, lita 4 zilizochemka ukizichanganya na lita 16 za baridi unapata ndoo ya lita 20 yenye joto la nyuzi 40 hivi, joto zuri la kuogea. Kule Njombe, maji yakiwa nyuzi 15, utahitaji lita 6 za moto kwa 14 za baridi. Tanguliza ya baridi ndooni, kisha ya moto.

| Njia | Inachokula kwa mtu mmoja | Inachohitaji | Ukihama |
|---|---|---|---|
| Sufuria kwenye gesi au mkaa | kuchemsha lita 4 | jiko ulilonalo | unabeba |
| Birika la umeme | kama uniti 0.4 | soketi nzima chumbani | unabeba |
| Shawa ya umeme ya wati 5,500 | kama uniti 0.9 kwa dakika 10 | waya wake, breka yake, ethi (waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini), presha ya maji | kuitoa ni kazi ya fundi |

Shawa ya umeme ndiyo ndoto ya wengi, na kwenye bafu la uani la nyumba ya zamani ndiyo ninayoipinga kwa nguvu zote. Wati 5,500 zinavuta takriban ampia 24. Waya wa milimita za mraba 1.5 ni wa taa, wa 2.5 ni wa soketi. Shawa inataka waya wake wa 4 au 6 kutoka kwenye breka yake, na ethi iliyopimwa ikaonekana inafanya kazi. Nyumba nyingi za zamani hazina ethi ya kuaminika, na wewe umesimama miguu mitupu kwenye maji. Hata usalama ukipatikana, shawa hizi nyingi haziwaki maji yakiwa na presha ndogo, na kwenye mtaa wa maji ya mgawo unakuwa umenunua pambo. Watu wawili wakioga dakika kumi kila siku watatumia kama uniti 55 kwa mwezi, wakati daraja la bei nafuu la umeme wa nyumbani linaishia uniti 75.

Koili ya kuzamisha kwenye ndoo sikuiweka hata kwenye jedwali. Mtu akitumbukiza mkono kupima joto kabla ya kuchomoa, anaweza kufa. Na jambo jingine la mikoa ya baridi: jiko la mkaa lisiingizwe bafuni ili kupasha hewa, hata kwa dakika chache. Gesi yake ya sumu haina harufu.

Kwa hiyo ni birika au sufuria. Raha inayobaki kuongezwa ni kuinua ndoo. Kigoda imara cha plastiki chenye kimo cha magoti kinakuondolea kuinama kila unapochota, na mwenye mgongo mbaya atakushukuru. Ndoo ya koki, kama zile zilizoenea kwa kunawia mikono mwaka 2020, ni nzuri kwa kunawa uso na kupiga mswaki, ila kwa kuogea inakulazimu kuipandisha juu sana, na ndoo ya lita 20 ni kilo 20 juu ya kichwa chako. Kopo linatosha.

Kuhifadhi maji: pipa au ndoo za kila mtu

Pipa la lita 200 bafuni linaleta utulivu wakati wa mgawo, lakini pipa la wazi ni nyumba ya mbu, tena wale wa dengi wanaouma mchana. Dar ilipata milipuko ya dengi mwaka 2014 na 2019, na mapipa ya majumbani ni mahali wanapopenda kuzaliana. Wenyeji wa nyumba za kale za Lamu walilijua tatizo la mbu: birika la bafuni, yaani tangi la maji la kujengwa, liliwekewa samaki wadogo wa kula viluwiluwi, na chini yake bakuli la kauri ili maji yakipungua samaki wapate pa kukaa. Sisi tuna vifuniko. Kama pipa lina kifuniko kinachobana na kata yake inaning'inia nje, libaki. Kama kifuniko kilishapotea, heri kila chumba kiwe na ndoo yake yenye mfuniko, na bafu lipate nafasi ya kukauka.

Pa kutundika na pa kufungia

Usipige msumari kwenye lipu ya zamani, utatoka na kipande cha ukuta. Kulabu za kunyonya hazishiki kwenye chokaa. Chukua ubao mmoja wenye urefu wa mkono, ufunge kulabu nne, kisha uukaze kwa skrubu mbili kwenye fremu ya mlango au kwenye boriti. Uweke upande usiorushiwa maji, juu ya usawa wa kichwa, ili taulo na kanga visiloane. Rafu ya sabuni sishauri kwenye bafu la wote. Kikapu cha plastiki chenye matundu, sabuni, dodoki na mswaki ndani, kinaingia na kutoka na mwenyewe, na kinachuruzika njiani.

Mlango wa bati unadumu kuliko wa mbao, ambao huoza chini kwanza. Wa mbao ukibandikwa bati la sentimita 20 chini, unakaa. Pazia la plastiki ndani ya mlango huzuia maji kurukia uani, lakini lisibaki limefungwa ukitoka. La muhimu kuliko vyote ni komeo la ndani linalofunga bila kupiganishwa. Bila hilo, hakuna anayeoga kwa utulivu.

Namna ya kumwendea mwenye nyumba

Nenda na jambo lililokamilika. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." "Mama, sakafu ya bafu imechimbika, watoto wanateleza. Nimepata fundi, na hii ndiyo hesabu ya saruji, mchanga, bomba na ufundi. Nilikuwa naomba nitangulize mimi, tukate kwenye kodi ya awamu ijayo." Mama akiona hesabu yenye bei za dukani anakuwa na kitu cha kukubali au kupunguza. Ukimwendea na malalamiko matupu, atakwambia nyumba zipo nyingi.

Mkikubaliana, andikeni karatasi mbili, moja yake na moja yako: kiasi kitakachokatwa, awamu gani, na orodha ya vitu vyako vitakavyoondoka nawe, yaani taa ya sola, ubao wa kulabu, mkeka. Kiraka, bomba na chokaa vinabaki. Mwombe mjumbe wa mtaa atie sahihi kama shahidi. Nyumba nyingi za aina hii ni za urithi, na anayekuja kudai kodi ya awamu ijayo anaweza kuwa mtoto wa mama, mgeni kabisa na makubaliano yenu.